Mjadala: Je, Bohemian Rhapsody ni wimbo wa Zanzibar? Nani mwenye maana ya wimbo?

MTOA MADA

Wakuu, salaam. Kila ukikaribia Septemba, mwezi aliozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Uingereza ya Queen, au Novemba aliyofariki, hoja ile ile huibuka: kwamba Bohemian Rhapsody ya Queen ni wimbo wa siri kuhusu Zanzibar. Wanaoishikilia wana ushahidi mmoja, neno "Bismillah" linaloimbwa katikati ya wimbo. Wanasema Freddie alizaliwa Mji Mkongwe, akakua akisikia adhana, familia ikakimbia baada ya Mapinduzi, kwa hiyo yule kijana wa kwenye wimbo anayemlilia mama yake kwamba ameua mtu anasimulia ya 1964. Hoja inavutia, lakini mimi naipinga. Naweka sababu zangu hapa, mnaoiamini mje na zenu.

Tuanze na yanayojulikana. Freddie, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Bado mdogo akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata familia ikahamia Feltham, magharibi ya London. Miaka mingi ya kukua kwake hakuwa kisiwani. Wimbo ulitoka 1975.

Sasa tusikilize wimbo wenyewe, na tuusikilize wote, karibu dakika sita. Hilo "Bismillah" limekaa na nani? Kuna Scaramouche, mchekeshaji wa michezo ya jukwaani ya Italia. Kuna Galileo, mtaalamu wa nyota. Kuna Figaro wa kwenye opera, kuna Beelzebul mkuu wa mashetani, na kuna fandango, ngoma ya Kihispania. Mercury na wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, walirekodi sauti zao watatu juu ya nyingine mara nyingi sana mpaka zikawa umati mzima. Umati huo umegawanyika: upande mmoja unataka kijana aachiwe, upande wa pili unakataa. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalisikii. Kijana anauliza kama watamwacha aende. Jibu linaanza na "Bismillah", halafu hapana, hatukuachi. Neno linatoka kwa wanaomzuia. Halimo kinywani mwa kijana hata mara moja.

Kwa sababu hiyo hiyo nayakataa na maelezo yaliyotolewa Iran. Mwaka 2004 kaseti ya Queen iliruhusiwa kuuzwa nchini humo, na ndani yake mliwekwa karatasi ya kufafanua mashairi. Ikaelezwa kwamba kijana ameua kwa bahati mbaya, ameiuza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mungu kwa Bismillah, roho yake ikakombolewa. Kisa kizuri, kina toba na wokovu ndani yake. Tatizo lake ni kwamba kimelihamisha neno kutoka upande mmoja wa ugomvi kwenda upande mwingine.

Freddie mwenyewe alikataa kuufafanua mpaka alipofariki 1991. Wapo Uingereza wanaosema aliyeuawa kwenye wimbo ni yeye wa zamani, kijana aliyekuwa akiishi kama alivyotarajiwa, na kwamba ni wimbo wa mtu anayekiri kwa mama yake jinsi alivyo, yaani anapenda wanaume. Hiyo angalau inabeba mambo mengi ya wimbo kwa pamoja: mama, kifo, ombi la kuachiwa, hasira inayofuata, na ule utulivu wa mwisho wa mtu aliyeacha kupigana. Siapi kwamba ndiyo. Nasema imesikiliza wimbo mzima.

Kushika neno moja kumewahi kuleta madhara makubwa. Helter Skelter ya Beatles, ya 1968, imechukua jina la mnara wa kuteleza wa watoto kwenye viwanja vya maonyesho Uingereza. Paul McCartney alitaka tu kutunga kitu chenye kelele kuliko bendi yoyote. Huko California Charles Manson akaamua ni tangazo la vita vya watu weusi na weupe, na mwaka 1969 wafuasi wake wakaua watu, wakaliandika jina hilo kwa damu.

Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI, Unguja

Mtoa mada, maelezo yako yamepangika, ila naona unataka kutufungia mlango. Sisi huku tumelelewa na taarabu. Mwimbaji akifika kwenye ubeti fulani, utamwona dada mmoja anainuka kwenda kutunza, noti juu, macho kwa mtu aliyekaa safu ya tatu. Ukumbi mzima unajua ubeti umemwendea nani, na mtunzi hamjui hata huyo aliyelengwa. Hakuna anayekwenda kumwomba mtunzi ruhusa. Wimbo ukishatoka ni wa watu.

Na kwenye hao Waingereza wako mfano upo. Mwaka 1980 wanafunzi wa Afrika Kusini waliogoma kupinga elimu ya kibaguzi waliuchukua Another Brick in the Wall wa Pink Floyd, wakauimba, hadi serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Roger Waters aliutunga akiwakumbuka walimu wakali wa shule aliyosoma yeye Cambridge miaka ya 1950. Hakuwa na habari na mtoto wa Cape Town. Je, wale watoto nao walikosea? Kama hawakukosea, kwa nini sisi tusiisikie Zanzibar kwenye sauti ya mtoto wa Zanzibar?

MTOA MADA

Ndugu yangu wa Unguja, nashukuru kwa mfano huo, kwa sababu ndio unaonisaidia kusema vizuri ninachotaka kusema. Wale wanafunzi hawakukosea hata kidogo. Usikilize wimbo toka juu mpaka chini: watoto wanaikataa elimu inayowatawala fikra, wanawaambia walimu wawaache, na kila mtoto amegeuzwa tofali moja kwenye ukuta. Hayo yote yalikuwa yakiwatokea Cape Town, tena kwa ukali kuliko Cambridge. Hawakuhitaji kuongeza wala kupunguza neno. Waters alikuwa na walimu wake kichwani, lakini alichokiandika kilikuwa kipana kuliko alichokuwa nacho kichwani.

Kwa hiyo mimi simpi mtunzi hati miliki ya maana. Nadai kitu kimoja: maana unayoleta ibebe wimbo mzima, isisimame kwenye neno lililokupendeza ukayaacha mengine yote yakining'inia. Hata huyo dada wa taarabu, ukimtazama vizuri, hainuki ovyo. Anausubiri ubeti unaolingana na kisa chake.

Tazama Every Breath You Take ya The Police, ya 1983. Sting, mwimbaji wao, aliutunga ndoa yake ya kwanza ikivunjika, na ameshaeleza mara nyingi kwamba ni wimbo wa wivu na kummiliki mtu. Wapo maharusi wanaoufungulia muziki siku yao, na wengine wamemwendea yeye mwenyewe kumweleza hivyo kwa furaha. Sina haja ya kumtumia Sting kuwasahihisha. Mashairi yenyewe yanatosha: mwanaume anahesabu kila hatua na kila pumzi ya mwanamke aliyeachana naye, anamwambia wewe ni wangu, na hakuna mahali popote mwanamke huyo anajibu. Sauti ni laini, gitaa linabembeleza, na hapo ndipo wanaposhikwa.

Zanzibar unaweza kuisikia kwenye sauti ya Freddie, sikukatazi, mimi pia ni shabiki na najivunia alikozaliwa. Lakini kuisikia na kudai kwamba wimbo unasimulia Mapinduzi ni mambo mawili.

MCHANGIAJI WA PILI

Mnajichosha wote. Someni habari ya John Lennon wa Beatles na I Am the Walrus, 1967. Mwanafunzi wa shule aliyosoma yeye, Quarry Bank kule Liverpool, alimwandikia barua kwamba mwalimu wao anawafanyisha uchambuzi wa mashairi ya Beatles darasani. Lennon akacheka, akaongeza upuuzi kwa makusudi ili wachambuzi wahangaike. Nyingine hazina maana, basi.

MTOA MADA

Kisa hicho ni cha kweli, ila kina sehemu ya pili. Walrus ni mnyama wa baharini, na Lennon alimtoa kwenye shairi la mwandishi Mwingereza Lewis Carroll, ambamo mnyama huyo anawarubuni chaza wadogo watembee naye ufukweni kisha anawala. Miaka ya baadaye Lennon akakiri kwamba hakuwa ameliangalia shairi vizuri, na kumbe alikuwa amejiita jina la mdhalimu. Alidhani anaandika upuuzi, maneno yakaja na historia yao. Sasa hapo aliyekuwa na maana ni nani, ikiwa mtunzi mwenyewe aliigundua baadaye kama msikilizaji yeyote?

Niwaachie wimbo mmoja mgumu. Rolling Stones waliutoa Brown Sugar 1971, na mwaka 2021 wakaacha kuupiga kwenye ziara yao Marekani. Keith Richards, mpiga gitaa wao, alilalamika: hawa watu hawaelewi kwamba ni wimbo kuhusu unyama wa utumwa? Nimeusikiliza wote kwa kipimo hicho hicho changu. Ubeti wa kwanza una meli ya watumwa, soko la New Orleans na mwenye watumwa anayewachapa wanawake usiku. Halafu kinakuja kiitikio, na Mick Jagger anaimba jinsi mwanamke mweusi alivyo mtamu, kwa shangwe, saksafoni ikipanda. Sijasikia mstari hata mmoja unaomtoa mwimbaji kwenye nafasi ya yule mwenye mjeledi. Utumwa umetajwa, unyama wake haujaimbwa. Nasema walifanya sawa kuuacha, hata kama Richards anaamini alichokisema. Anayeona vingine alete mstari unaowatetea, tuusome pamoja.