FPS 60 haishuki lakini gemu linashtukashtuka, napimaje?

Kijana wa Uyole: Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nina kibanda cha gemu hapa Uyole, mashine nne. Moja inanitesa. Kona ya skrini inaandika FPS 60, yaani picha (fremu) 60 kwa sekunde, haishuki, lakini kwenye gemu la magari ukiingia mjini picha inashtuka kama daladala iliyoparamia tuta. Wateja wanaikimbia, bora wapange foleni kwenye zile nyingine. Nimeongeza feni, nimeweka drava upya, wapi. Prosesa ni i5, RAM GB 8, kadi ya grafiki GB 4. Nianzie wapi?

Mnyalukolo: Kamwene mkuu. Hiyo 60 ni wastani, na wastani unaficha mengi. Kwa FPS 60 kila fremu ina milisekunde 16.7. Sasa piga hesabu: fremu 59 zikitoka kwa milisekunde 15 kila moja, umetumia 885. Ya mwisho ikichukua 115, sekunde imejaa na kona inaandika 60 vilevile. Jicho limeshaiona ile 115. Shusha PresentMon ya Intel, ni bure, inarekodi muda wa kila fremu. CapFrameX nayo inaitumia hiyohiyo kwa ndani na inakuchorea grafu. Chagua barabara moja, rekodi sekunde 60, rudia mara tatu njia ileile.

Sokomatola: Ongeza RAM tu, vipimo vya nini?

Mnyalukolo: RAM ni hela mkuu, apime kwanza. Kijana, angalia kipimo kinachoitwa GPU Busy, yaani muda ambao kadi ilikuwa kazini kwenye fremu hiyo. Fremu ikichukua milisekunde 40 na kadi imefanya kazi 12 tu, kadi haina kosa, ilikuwa inasubiri: prosesa, RAM au diski. Namba hizo zikikaribiana, kadi ndiyo imezidiwa.

Dada wa Isanga: Nyongeza ndogo. Muda wa fremu ni nafasi kati ya picha na picha. Kubonyeza breki hadi uione kwenye skrini ni kipimo kingine. Grafu inaweza kunyooka na breki bado ikachelewa, hasa V-Sync, ile inayofanya picha isubiri zamu ya skrini, ikiwa imewashwa.

Kijana wa Uyole: Nimerudi wakuu. Nimepima usiku nimeshafunga, baridi hii vidole vimekufa ganzi. Mara zote tatu mruko uko palepale darajani: fremu milisekunde 94, GPU Busy 11. Nikaangalia memori, imejaa pomoni, mashine inakopa diski. Kufungua kasha: RAM moja, sloti ya pili tupu! Nimechomoa GB 8 ya mashine ya jirani nikaichomeka, nikapita darajani tena mara tatu. Mruko mkubwa kabisa sasa ni 24. Sokomatola ulipatia, ila mimi nisingetoa hela yangu bila kuiona ile 11. Mnyalukolo, Mungu akubariki sana. Kesho asubuhi nashuka Mwanjelwa. Mwenye DDR4 ya GB 8, kasi 2666, aniambie bei.