Kipeperushi cha diwani kinasema "nimeleta lami". Tunathibitishaje?

mpigakura_makini
Wakuu, diwani anayetetea kiti amesambaza kipeperushi chenye madai matatu: "Nimeleta lami kilomita 4", "Nimeongeza taa za barabarani kwa asilimia 200" na "Nilizuia soko lisibomolewe". Lami ipo, taa zipo, soko limesimama. Ninachotafuta ni kipi hasa kati ya hivyo ni kazi yake. Nianze na nyaraka zipi?

kabrasha
Anza na tarehe, mkuu, mtu atafuata. Mradi wa lami huacha karatasi kila hatua: upembuzi yakinifu, fungu kwenye bajeti, tangazo la zabuni, mkataba, hati za malipo, makabidhiano. Zipange kwa tarehe, halafu chomeka siku diwani alipoapishwa. Kama mkataba ulisainiwa miezi 4 kabla ya kiapo, mchango wake ni kukata utepe. Mtego huu umejaa kwa sababu barabara huanza chini ya baraza moja ikamalizikia chini ya jingine.

Angalia na aliyelipa. Ikiwa fedha zilitoka wizarani au kwa mfadhili, huenda baraza halikupiga hata kura.

Kwenye mihtasari ya vikao tafuta mtoa hoja, aliyeunga mkono na mahudhurio. Kura zikiwa zimeandikwa kwa majina, una bahati. Mara nyingi utakuta tu "wajumbe waliridhia". Omba pia mihtasari ya kamati ya fedha na ya ujenzi, maana baraza zima huja kubariki kilichokwisha kupikwa huko. Wapo wanaoipinga bajeti, ikipita wanaibandika miradi yake kwenye vipeperushi vyao.

hesabu_ndogo
Asilimia 200 ya ngapi? Kutoka taa 5 hadi 15 ni asilimia 200, na bado ni taa 10 tu. Dai idadi ya mwanzo, ya mwisho na mwaka aliouanzia. Akichagua mwaka ambao nyingi zilikuwa zimeungua, kubadilisha balbu kunageuka "ongezeko". Pita usiku uhesabu zinazowaka, usihesabu nguzo.

Na usidharau madai madogo yanayorudiwarudiwa. Utafiti wa Grimmer, Messing na Westwood wa mwaka 2012, Marekani, ulionyesha kuwa wapigakura huitikia zaidi wingi wa ujumbe wa kujisifia kuliko ukubwa wa fedha zinazotajwa.

upande_wa_pili
La soko ndilo gumu. Kabla ya kuuliza nani alizuia, thibitisha kulikuwa na cha kuzuia: notisi ya kubomoa, ajenda ya kikao, ramani ya mpango. Kisipokuwepo hata kimoja, amezuia uvumi.

Ila tuwe waadilifu. Jina kukosekana kwenye muhtasari hakuthibitishi kwamba hakufanya kitu. Ushawishi mwingi hupita kwa barua na vikao vya pembeni. Mwombe nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Pima na kitenzi chake: "nilisukuma" kinaweza kusimama pale ambapo "nimeleta" kinaanguka. Ukichapisha, andika "nyaraka hazionyeshi", usiandike "mwongo". La pili linaweza kukupeleka mahakamani. Mtumie maswali kwanza, umpe siku ya mwisho ya kujibu, na utunze kipeperushi chenyewe, maana toleo la pili huwa limesafishwa.

mpigakura_makini
Shukrani. Ofisi ikininyima mihtasari je?

kabrasha
Omba kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakati unasubiri, tafuta tangazo la zabuni kwenye magazeti ya zamani, na bango la mradi pale barabarani kama halijang'olewa: huwa na jina la mkandarasi, mwenye mradi, chanzo cha fedha na tarehe ya kuanza. Lipige picha kwa simu yako na uhifadhi faili halisi. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za tarehe na mahali zilizomo ndani ya faili hufutika.