Naomba ushauri: shangazi anaogopa kutolewa kipande kidogo cha nyama kwenye titi kwa ajili ya kipimo

BintiUjiji:
Wakubwa, shikamooni. Shangazi yangu wa Kasulu, mwenye umri wa miaka 52, ana uvimbe katika titi la kushoto. Alichomwa sindano nyembamba, majibu yakarudi kwamba seli zilizopatikana hazitoshi, na sasa amepewa rufaa ya Mwanza akatolewe kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene huku daktari akiutazama uvimbe kwa utrasaundi. Amekataa katakata, kwa kuwa jirani amemwambia saratani ikichokozwa husambaa. Je, kwa nini arudiwe, na hofu hiyo ina ukweli?

MuuguziMstaafu:
Marahaba, mwanangu. Sindano nyembamba hufyonza seli zilizotawanyika tu, ilhali ile nene hukata kipande kama uzi mfupi, ambacho mtaalamu wa patholojia, yaani anayechunguza nyama na seli kwa hadubini, hukitazama aone jinsi seli zilivyopangana. Na ikiwa ni saratani, kipande hichohicho hupimwa vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) na HER2 (protini inayoweza kuchochea saratani ikue) ili dawa zichaguliwe. Kwa hiyo hawamrudii kwa uzembe. Ni kweli kwamba seli chache zinaweza kusogezwa kwenye njia ya sindano, lakini haijaonekana kwamba jambo hilo huwafupishia wagonjwa maisha. Kinachoumiza watu, na nimewaona wengi, ni kukaa nyumbani na uvimbe usiojulikana.

Atalala chali, mkono wa kushoto juu ya kichwa, achomwe ganzi, kisha ngozi ichanwe milimita chache bila kuhitaji nyuzi. Mwambie mapema kwamba sindano ile hulia kwa kishindo kila inapokata, maana wengi hushtuka na kujisogeza. Kama anameza aspirini au wafarini, dawa zinazozuia damu kuganda, amweleze daktari. Asiziache kwa uamuzi wake.

MamaIsevya:
Mimi wa Tabora sikuwa na uvimbe wa kushikika, bali chembe za chokaa zilizoonekana kwenye mamografia (picha ya eksirei ya titi) pekee, kwa hiyo nilielekezewa sindano kwa mashine hiyohiyo: titi likabanwa, zikapigwa picha za pembe mbili, na kompyuta ikapiga hesabu ya mahali penyewe. Kusema kweli, kule kubanwa kuliniudhi kuliko sindano. Waliniachia ndani alama ndogo ya metali ya titani, ndogo kuliko punje ya mchele, ili mahali pale patambulike baadaye. Titi lilivilia damu kwa zaidi ya wiki moja. Nililikanda kwa barafu iliyofungwa kitambaani na sikubeba ndoo siku ile wala ya pili. Haikuwa saratani.

MuuguziMstaafu:
Nashukuru, mama. Niongeze jambo ambalo watu hulisahau: majibu yakisema hakuna saratani, mwulize daktari kama yanalingana na picha. Yasipolingana, kipimo hurudiwa au uvimbe huondolewa wote ukachunguzwe.

BintiUjiji:
Nimemsomea yote kwa simu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama ile ganzi ni ya kumlaza usingizi, nikamwambia hapana, ni ya pale pale kwenye titi. Amekubali tusafiri Jumapili, ila anauliza avae nini.

MamaIsevya:
Blauzi ya vifungo vya mbele na kitenge, asivae gauni. Na sidiria inayobana vizuri, kwa ajili ya safari ya kurudi; ile barabara ni ndefu.