Naomba ushauri: mchumba wangu ni wa upasuaji, mimi ni wa ngozi

Habari zenu wapendwa. Mimi ni daktari wa ngozi. Kazi yangu ni ya kliniki, dharura za usiku ni chache. Mchumba wangu anasomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo, masomo ya miaka mingi. Akiwa zamu huitwa usiku wa manane kwa mgonjwa anayevuja damu kichwani, na huyo hawezi kusubiri. Hilo naliheshimu, na nampenda sana.

Kinachoniumiza ni yeye kuona kwamba, kwa vile ratiba yangu ni nyepesi, nyumba na watoto vitakuwa juu yangu peke yangu. Nami natamani kusomea zaidi magonjwa ya ngozi ya watoto! Mlio kwenye ndoa za namna hii, mlikubaliana nini kabla ya harusi? Nani alimsubiri mwenzake amalize kusoma?