Mjadala: Programu ya simu ya kutambua taka Bukavu, au magunia kwanza?

Hoja iliyoletwa: vijana wa Bukavu, jiji la mashariki mwa Kongo, wanaomba fedha watengeneze programu ambayo mtu akipiga picha taka, simu inamjibu: plastiki, chuma, karatasi au ya kuoza. Sababu yao ni chupa zinazoteremka vilimani hadi Ziwa Kivu, halafu maji yanazisukuma mpaka bwawa la Ruzizi na kusumbua mitambo ya umeme. Tuunge mkono?

Fundi wa programu, Ibanda
Naunga mkono. Modeli, yaani programu inayofundishwa kwa picha hadi itambue vitu, ipo ndogo kama MobileNetV2: hupokea picha ya pikseli 224 kwa 224, na namba zake zikibanwa ziwe za biti 8 inabaki kama megabaiti 4. Inafanya kazi ndani ya simu ya bei ndogo bila kula mega za intaneti. Ugumu uko kwenye picha za kuifundishia. Mkusanyo wa TrashNet uliotoka Stanford mwaka 2016 una picha 2,527 katika makundi sita, zote vitu vilivyowekwa juu ya ubao mweupe. Ukiionyesha modeli hiyo chupa iliyopondeka, ina tope, iko mtaroni kati ya maganda ya ndizi, itakosea huku ikidai ina uhakika, maana imelazimishwa kuchagua moja kati ya sita. Kwa hiyo tupige picha zetu katika komini za jiji: Kadutu na Ibanda za kufundishia, Bagira za kupimia tu kama modeli imeelewa. Na simu iruhusiwe kujibu "sijui".

Mama mnunuzi wa chupa, Kadutu
Mimi napinga. Kamera inaona umbo na rangi, haioni plastiki ni ya aina gani. Kuna plastiki ya PET na ya PVC, na chupa zake zote zinang'aa vilevile. PVC kidogo ikiingia kwenye PET inayoyeyushwa, inaungua mapema kuliko PET, inatoa asidi, na mzigo mzima unageuka manjano na kukatika ovyo. Mkono unajua zaidi: soma namba iliyo chini, 1 ni PET, 3 ni PVC. Namba ikifutika, kata kipande ukitie majini. Vifuniko vinaelea, PET na PVC vyote vinazama. Hapo kunja: PVC inabaki na mstari mweupe kwenye mkunjo. Tena tazama tako la chupa. PET ina kinundu katikati, PVC ina mshono uliopita chini.

Mjumbe wa kamati ya usafi, Kadutu
Nyumbani kitu cha kwanza ni kutenga mbichi na kavu, na hakuna anayehitaji simu kutambua ganda la ndizi. Gari halifiki kwenye vichochoro vya juu, taka zinashuka mgongoni. Mbebaji akitia vyote gunia moja, karatasi zinalowa na mchuzi, chupa zinajaa mabaki, na aliyetenga asubuhi amefanya kazi bure. Fedha zinunue magunia ya rangi mbili, na mbebaji alipwe kwa kuyafikisha bila kuyachanganya. Salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi ya Jumamosi, inatosha kuwaonyesha watu.

Fundi wa programu
Kwa nyumbani nimekubali, Papa mjumbe. Ila Mama ametupa kitu muhimu sana: kinundu na mshono kamera inaviona! Basi simu isimsumbue mwenye nyumba. Ifungwe kwenye meza ya kupokelea chupa, sentimita 30 juu, taa itoke ubavuni ili mshono utupe kivuli, na ipigwe picha ya tako peke yake. Makundi matatu: kinundu, mshono, sijui. Za "sijui" ndizo zikunjwe kwa mkono.

Mama mnunuzi wa chupa
Kwa kazi hiyo siipingi. Lakini wabebaji wanaziponda chupa kwa mguu ili gunia liingize nyingi, na tako likishajikunja hata jicho langu halisomi kitu. Wakiacha kuziponda, gunia litabeba chache na mteremko ni uleule. Watalipwa kwa gunia au kwa kilo? Mnijibu hilo kabla ya kununua simu hata moja.