Ile hoteli mpya nje ya mji: nimempeleka mama mkwe, nimeumia

Mama wa Chuno

Habari zenu wakuu, naombeni mnisikilize maana tangu Jumamosi hili jambo limenikaa rohoni. Mama mkwe wangu kashuka kutoka Newala, njia yenyewe mnaijua vumbi lake, na tangu kwenye simu aliniomba kitu kimoja tu, "mwanangu nataka nile pweza wa nazi". Nikasema siku hiyo sipiki, mkwe wangu nampeleka mahali pazuri, na hapa Mtwara kila unayekutana naye anaisifia ile hoteli mpya huko nje ya mji, ina bustani, ina taa, watu wanapiga picha mpaka getini. Tukachukua bajaji, mimi, mume wangu, mtoto na mama.

Tumefika saa moja na nusu usiku, chakula kimekuja saa tatu na dakika kumi, mtoto keshalala kwenye kiti. Hilo ningesamehe, palikuwa pamejaa. Lakini pweza jamani! Unatafuna mpaka taya zinauma, tui limekatika, mafuta juu maji chini, na limeshapoa. Mama mkwe magego hana. Nilimwona anamung'unya kipande, anakitoa taratibu anakifunga kwenye tishu, kisha akawa anakula wali na mchuzi tu. Nikamuuliza, akasema "nimeshiba mwanangu, Mungu akubariki". Tumerudi nyumbani namkuta jikoni gizani anakula muhogo wa kuchemsha uliobaki mchana. Niliingia chumbani nikalia.

Halafu mume wangu aliagiza jodari wa kuchoma, kala kidogo tu akasema midomo inawaka kama kalamba pilipili, na pilipili haikuwepo, baadaye shingoni vipele. Bili 76,000, wali na ugali vimehesabiwa pembeni. Mhudumu nilipomwambia kuhusu pweza akanijibu "pweza ndivyo alivyo".

Naomba ushauri, nirudi nikaongee na mwenye hoteli au niache? Na mama anaondoka Alhamisi, nimpeleke wapi akale pweza wa kweli?

Mzee wa Jiko

Pole sana mwanangu. Nimepika mahotelini miaka mingi na nakwambia pweza sivyo alivyo, huyo kapikwa na mtu mwenye haraka. Pweza anapondwa kwanza, halafu anachemshwa moto mdogo karibu saa nzima, chumvi unaweka mwishoni, unamchoma na uma ukiingia bila kusukuma ndiyo unamkata. Ukimtoa katikati anakuwa kama kandambili. Na tui nalo lina utaratibu wake, lile jepesi la pili ndilo unatangulia kupikia, tui zito unamimina mwisho na unakoroga usiache lichemke kwa nguvu, likichemka sana ndiyo hayo mafuta juu maji chini uliyoyaona. Hoteli ikijaa kuliko jiko lake, mambo haya ndiyo ya kwanza kurukwa. Nenda kaongee na mwenyewe, nenda asubuhi saa nne hivi wakati hana wateja, usiende usiku.

Muuza Samaki Feri

Dada mimi naongelea jodari maana hilo ndilo limenishtua. Samaki aliyewasha hivyo hakukosa chumvi, alikosa barafu. Jodari, vibua, nguru, hao wakikaa juani au kwenye ndoo bila barafu wanatengeneza sumu inaitwa histamini, na ikishaingia humo hata umchome awe mkaa haitoki, ndiyo maana mtu anawaka midomo anatoka vipele. Mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, ila akibanwa kifua au akishindwa kupumua ni hospitali moja kwa moja, msingoje asubuhi. Hilo mwenye hoteli LAZIMA aambiwe, kesho atakula mtoto wa mtu.

Na pweza, Jumamosi maji yalikuwa mafu, bahari haitoki mbali, wanaokwenda miambani wanarudi na kidogo. Kwa hiyo mlikula wa friza, na friza siyo kosa, tena inamlainisha, kosa ni jikoni. Maji yanaelekea bamvua sasa, bahari itatoka mbali, Jumatano njoo Feri wakisharudi miambani utapata waliotoka siku hiyohiyo.

Kijana wa Shangani

Mimi nimekula pale mara mbili kuku na chipsi, safi kabisa, ila nilienda siku za kazi. Nadhani wikiendi wanazidiwa. Nawaombea wasifunge, vijana wa mtaani kwetu wamepata ajira pale. Ila jibu la yule mhudumu siyo jibu la kumpa mtu aliyekuja na mzazi, hapo wamekosea na waambiwe.

Mama wa Chuno

Asanteni sana, hasa wewe wa Feri, sikujua kabisa hilo la barafu, mume wangu alikuwa anadhani ana aleji. Anaendelea vizuri, vipele viliisha Jumapili.

Leo tumeenda mimi na yeye saa nne kama mzee alivyosema. Mwenye hoteli ametusikiliza, ya pweza alikuwa anatikisa kichwa tu, ila tulipofika kwenye jodari akasimama, akaenda jikoni kuuliza samaki wa Jumamosi walifika saa ngapi na walikaa wapi. Hakuna aliyemjibu akaeleweka. Akataka kuturudishia hela yote, nimepokea ya jodari tu.

Kuhusu mama nimeacha habari ya hoteli. Nimemwambia Jumatano tunapika nyumbani, kauliza "mbuzi ya kukunia nazi unayo, au mnatumia tui la boksi?" Ninayo, na kifumbu ninacho. Mzee wa Jiko, swali la mwisho, pweza wa kilo mbili nazi tatu zinatosha au niongeze? Na wewe wa Feri, Jumatano wakisharudi tu nitakuwa hapo, niwekee mmoja.