Shirika la umma limenifukuza kwa kidevu, tena likanielekeza kwa mshindani wake

Bahasha ya Kaki (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa nimesimama, kwa sababu hasira niliyo nayo haijaniruhusu kukaa. Jina lake sitalitaja, wala halina haja ya kutajwa, maana nyote mnamjua: ni yule wa dirisha la tatu, mwenye miwani inayokaa utosini na ambayo haijawahi kushuka machoni tangu aajiriwe. Asiyewahi kuhudumiwa naye basi amewahi kukosa kuhudumiwa naye, na hao wa pili ndio wengi.

Nilikwenda posta kutuma bahasha. Halikuwa jeneza wala hakuwa tembo. Ilikuwa bahasha moja ya kaki yenye hati za shamba ambazo mama yangu, aishiye mbali na barabara kuu, anatakiwa azitie sahihi. Nilipanga foleni kwa muda ambao, kwa makadirio yangu, unatosha mlima mdogo kuota. Nilipofika dirishani, yule ndugu aliuchukua muhuri, akaujaribu juu ya karatasi chakavu, ukatoa duara lisilo na maandishi. Akaupulizia pumzi ya moto kama mtu anayesafisha kioo, akaujaribu tena, ukatoa nusu duara. Hapo ndipo nilipomwomba, kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani, kwamba bahasha iondoke leo.

Hakunijibu kwa kinywa. Aliinua kidevu, akakielekeza mlangoni, akakivusha barabara taratibu hadi kwenye lile jengo la vioo la kampuni binafsi inayofanya kazi ileile, kisha ndipo akatamka: "Kama una haraka, nenda ng'ambo."

Kidevu, ndugu zangu. Hata kidole hakunipa.

Miaka nenda miaka rudi tumeambiwa kwamba shirika la umma likipata mshindani litazinduka, litanyoosha shati na kuanza kumwita mteja kwa heshima, na mimi niliamini. Sasa nimemwona kwa macho yangu mtumishi anayelipwa kwa kodi yangu akimtangazia mshindani wake biashara bila malipo, huku akionekana kufurahi kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

Nikaenda ng'ambo. Huko nilipewa kiti, nikaitwa "mteja wetu mpendwa" mara tatu kabla sijatoa salamu, kisha dada wa mapokezi akasoma anwani na tabasamu likaanza kupungua herufi kwa herufi. Akanieleza kwamba eneo hilo hawalihudumii moja kwa moja, ila bahasha wataipokea, watanitoza huduma ya haraka, halafu "wataikabidhi kwa mshirika wao wa usambazaji". Nikauliza mshirika huyo ni nani. Akatazama dirishani, ng'ambo ya barabara.

Kwa kuwa mimi ni mkaidi, nililipa, nikajibanza kwenye kivuli nione. Haikupita nusu saa kabla kijana wao wa pikipiki hajavuka na bahasha yangu hadi dirisha la tatu, ambako yule ndugu aliipokea kwa mikono miwili, akamchangamkia kijana kwa jina lake, na muhuri ukagonga mara moja, ukatoa duara kamili lenye tarehe. Kwangu, kidevu. Kwa pikipiki, mikono miwili.

Msinieleze habari za sera. Ushindani niliouona mimi leo ni wa kusukumiana mteja, ambamo kila upande hujihesabu mshindi pale unapofanikiwa kuniondoa mlangoni kwake.

Foleni Ndefu

Mleta uzi, pole sana, lakini nimehesabu na kidevu kimetajwa mara nyingi kuliko mama mzazi. Mimi yuleyule wa dirisha la tatu alinielekeza kwa mdomo wa chini, akiwa hata hajainua kichwa, kwa hiyo wewe uliyepata kidevu kizima hesabu kwamba ulipewa huduma ya daraja la kwanza.

Shahidi wa Pili

Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni hiyo. Ninathibitisha habari ya muhuri, ila umesahau kueleza kwamba ulipoondoka uligonga mlango wa kioo ulioandikwa "Vuta" kwa kuusukuma, na kwamba yule ndugu wa dirisha la tatu alicheka kwa sauti. Hilo ndilo lililoharakisha foleni yetu, kwani baada ya hapo alikuwa na furaha ya kazi.

Mzee wa Risiti

Vijana, jambo hili lina historia ndefu kuliko hasira ya mleta uzi. Uingereza ilipoanzisha posta ya peni moja mwaka 1840, barua ya uzito mdogo ililipiwa sawa, iwe inakwenda mtaa wa pili au mwisho wa nchi, kwa hiyo barua za karibu zinazopelekwa kwa gharama ndogo zikawa zinazibeba zile za mbali. Ukishaweka bei ya namna hiyo, mfanyabiashara mwenye akili hukuachia za mbali na kuchukua za karibu. Mwaka 1844 Lysander Spooner alifungua kampuni ya barua nchini Marekani kwa makusudi ya kuishinda posta ya serikali, akatoza nafuu, na ingawa serikali ilimwandama mahakamani hadi akafunga, bunge lao lilipunguza viwango vya posta mwaka 1845. Kwa hiyo ni kweli kwamba ushindani uliwaamsha. Lakini tazameni ofisi zake alizifungua wapi: Boston, New York, Philadelphia, Baltimore. Kwa mama yake mleta uzi hakufika.

Foleni Ndefu

Mzee, tulikuwa kwenye kidevu, umetupeleka karne ya kumi na tisa bila hata kutuuliza kama tumefunga mikanda.

Bahasha ya Kaki (mleta uzi)

Ninamshukuru Mzee wa Risiti, lakini ninaona uzi unaanza kumpa yule ndugu utetezi wa kihistoria. Mwaka 1844 haukumzuia kufungua kinywa. Alikuwa na ulimi, alikuwa na vidole kumi, akachagua kidevu.

Pipa Limejaa

Tatizo lenu mnagombana kuhusu umma na binafsi kama vile ni timu mbili za mpira, wakati la kuuliza ni kama yupo anayeweza kupoteza kitu. Jiji la Phoenix, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 liliiambia idara yake ya taka kwamba maeneo ya kuzoa yatatolewa kwa zabuni, nayo iombe kama wengine. Idara ikashindwa na kampuni binafsi, ikashindwa tena, kisha ikakaa na madereva wake ikabadili magari na namna ya kuzoa, na hadi kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa imeyarudisha maeneo iliyokuwa imenyang'anywa. Wafanyakazi ni walewale wa umma. Kilichobadilika ni kwamba walijua kazi inaweza kuondoka. Yule wa dirisha la tatu amepoteza nini leo? Bahasha ilirudi kwake ikiwa imeshalipiwa na mtu mwingine.

Kwangu mimi, gari la manispaa na gari la kampuni hukutana kwenye kona siku moja, madereva hushuka, huutazama ule mlima wa taka, kila mmoja hushuhudia kwamba ni wa mwenzake, hupeana mikono na kuondoka. Mafunza ndiyo pekee yanayohudumiwa bila ubaguzi.

Kadi ya Bluu

Mnalia kuhusu bahasha na mapipa wakati watu tunachezewa mwili. Mimi nilikwenda hospitali ya umma asubuhi, daktari (mnamjua, yule mwenye kalamu nne mfukoni na zote haziandiki) akaniambia mashine ya kipimo imeharibika na hajui itatengenezwa lini, kisha akaniandikia jina la kliniki binafsi kwenye kipande cha karatasi. Nikaenda jioni. Nikabisha hodi. Aliyenifungulia mlango ni yeye mwenyewe, amevaa koti jeupe zaidi, kalamu zinaandika, na akaniuliza kwa upole mkubwa, kana kwamba hatujawahi kuonana tangu kuumbwa kwa dunia: "Tukusaidie nini leo?" Hapo ushindani uko baina ya nani na nani? Ni mtu mmoja anayeshindana na nafsi yake, na asubuhi hujiachia mwenyewe ashindwe.

Shahidi wa Pili

Kadi ya Bluu umenivunja mbavu, lakini angalau daktari wako aliandika kwenye karatasi. Mwenzetu alipewa kidevu.

Bomba Kavu

Wote mna bahati ya kuwa na ng'ambo ya kukimbilia. Njooni kwenye maji, ambako hakuna mtu mwenye akili atakayefukia bomba la pili kando ya la kwanza ili mimi nichague. Uingereza ilipobinafsisha maji mwaka 1989, mamlaka kumi za maji za England na Wales ziligeuzwa kampuni kumi, kila moja na eneo lake, na mwenye nyumba hadi leo hawezi kuihama kampuni yake ila kwa kuhamisha nyumba. Wafanyabiashara wa England walifunguliwa soko mwaka 2017, nalo ni soko la kuchagua nani akuletee ankara; bomba ni lilelile na maji ni yaleyale. Paris walikuwa na kampuni mbili, moja kila ukingo wa mto Seine, na ilipofika 2010 jiji likairudisha kazi yote mikononi mwake. Cochabamba, Bolivia, watu waliingia barabarani mwaka 2000 hadi mkataba wa kampuni binafsi ukavunjwa. Sisemi umma ni malaika. Kwetu ni mamlaka ya umma, na mwenye lori la maji hujua siku ambayo bomba litakauka kabla mamlaka yenyewe haijatangaza, tena huja ameegesha tangu alfajiri, akisubiri kama mtu aliyealikwa.

Kadi ya Bluu

Bomba Kavu, maji unaweza kuyachota kwa jirani. Figo siwezi kuazima.

Bomba Kavu

Figo bila maji utaifanyia nini? Naomba tusilinganishe.

Pipa Limejaa

Na taka zisipozolewa mtaugua wote wawili, mmoja atakosa kipimo na mwingine atakosa maji ya kumezea dawa. Nimemaliza.

Mzee wa Risiti

Niwaongezee jambo moja kabla hamjatoana macho. Denmark, ambako posta ilianza mwaka 1624, shirika la posta lilisambaza barua yake ya mwisho tarehe 30 Desemba 2025, na barua zikaachiwa kampuni binafsi, kwa kuwa watu walikuwa karibu wameacha kuandikiana. Mleta uzi ashukuru kwamba bado ana dirisha la kufukuzwa.

Foleni Ndefu

Mzee, sentensi yako ya mwisho ingewekwa juu ya mlango wa ofisi ile, ingechukua nafasi ya bango la "Mteja ni Mfalme" ambalo limebaki na herufi tano.

Bahasha ya Kaki (mleta uzi)

Mama amepiga simu. Bahasha haijafika, ila amepokea ujumbe kutoka kampuni ya ng'ambo ukimtaka aipime huduma yao kwa nyota moja hadi tano. Ninaomba tumrudie yule wa dirisha la tatu, kwa sababu ninahisi suala la kidevu halijajadiliwa kwa uzito unaostahili.

Kadi ya Bluu

Bomba Kavu, sijamaliza na wewe. Mwenye lori wako angalau hajifanyi kuwa ndiye mamlaka. Daktari wangu ni lori na bomba kwa wakati mmoja, na ndiye anayeshika koki.

Bomba Kavu

Hoja yako ina nguvu na ningeijibu kikamilifu, lakini bomba la uani limeanza kukohoa, na likikohoa hivyo huwa lina dakika kumi tu. Nimeacha ndoo ndani. Msifunge uzi.